Kitanzi Ambacho Hakijatumika Tangu 1987

Februari 1954, mahakama moja mjini Nyeri ilimhukumu Waruhiu Itote kunyongwa. Msituni walimwita Jenerali China. Makosa yake, kwenye karatasi, yalikuwa kupatikana na risasi mbili na kuandamana na watu wenye silaha. Novemba 1956, katika mji huohuo, Dedan Kimathi naye alihukumiwa kunyongwa. Yeye alipatikana na bastola moja na risasi sita.

Kimathi alinyongwa Kamiti asubuhi ya 18 Februari 1957. Jenerali China alifariki 1993, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Aliandika kitabu na akatumikia serikali ya nchi aliyoipigania. Ukitaka kujua ni nini kilitenganisha hawa wawili, njoo huku kwetu Turkana. China hakupelekwa kitanzini. Aliletwa Lokitaung, kaskazini kabisa, gereza ambamo serikali ya mkoloni ilikuwa imewafungia Jomo Kenyatta na wenzake wa kesi ya Kapenguria. Mle ndani Kenyatta alimfundisha Kiingereza. Mtu aliyekuwa amepimiwa kamba akawa anafundishwa kusoma na kuandika lugha ya waliompimia.

Nakaa Kalemng'orok, kwenye barabara ya kutoka Kainuk kwenda Lokichar hadi Lodwar. Nilisoma historia chuoni mwaka mmoja na nusu kabla karo haijaisha, na siku hizi naandika pale ninapolipwa. Hadithi ya Lokitaung tunaijua huku tangu darasa la nne: Mzee alifungwa kwetu, basi, tupige makofi. Lakini swali ambalo hakuna mwalimu aliyetuuliza ni hili: kwa nini China aliachwa hai?

Jibu si tamu. Aliachwa kwa sababu alikuwa na faida. Alikamatwa Januari 1954 akiwa na jeraha la risasi, akahojiwa kwa saa nyingi na Ian Henderson wa idara ya ujasusi ya polisi, akahukumiwa, rufaa ikatupwa. Kisha akakubali kuwaandikia wenzake barua ili wazungumze na serikali. Tarehe 4 Machi 1954 hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Mazungumzo yenyewe yalivunjika mwezi uliofuata, lakini shingo yake ilikuwa imeshapona. Wapo waliomwita msaliti hadi mwisho. Mimi sina ubavu wa kumhukumu mtu aliyechagua kuishi. Ninachokiona ni kwamba uhai wake uliwekwa kwenye mizani kama gunia la mahindi pale sokoni Lodwar: una uzito kiasi gani, tutapata nini tukiuacha?

Kimathi hakuwa na cha kuuza, au hakutaka kuuza. Kwa hesabu za mwanahistoria David Anderson, yeye ni mmoja kati ya watu 1,090 walionyongwa wakati wa hali ya hatari. Wengi wao hawakunyongwa kwa kuua. Sheria za dharura zilifanya kula kiapo, kubeba risasi au kukaa na waasi kuwa makosa ya kifo, na serikali ikatengeneza vitanzi vya kuhamishwa kutoka mahali hadi mahali.

Usiku wa kuamkia kifo chake, Kimathi aliandika barua. Hakumwandikia gavana wala wakili. Alimwandikia Padre Marino wa misheni ya Wakatoliki Nyeri. Alimkumbuka mama yake, alimkumbuka mke wake Mukami, na akaomba mwanawe apelekwe shule. Ukiisoma leo inakushangaza kwa utulivu wake. Ni mzazi anapanga mambo ya karo. Serikali ilimtangaza kuwa gaidi, mnyama wa msituni, na saa chache kabla ya kufa anauliza mtoto atasoma wapi.

Sasa hapa ndipo tunaingia kanisani.

Padre wa 1957 angeweza kufanya nini? Angeweza kusali na mtu, kumuungamisha, kumpa sakramenti, kuibeba barua yake. Mafundisho ya wakati huo yalimruhusu kumwandaa mtu afe vizuri. Hayakumpa msingi wa kusema kwamba kumnyonga ni kosa. Miaka 5 tu kabla, mwaka 1952, Papa Pius wa 12 alikuwa amefundisha kwamba serikali haimnyang'anyi mhalifu haki ya kuishi, bali mhalifu mwenyewe ameshaipoteza kwa kosa lake. Thomas Aquinas, karne ya 13, alitumia mfano wa kiungo kilichooza: ukikikata, mwili unapona.

Na Kanisa halikuishia kufundisha. Lilinyonga. Kabla ya 1870 Papa alikuwa pia mtawala wa dola katikati ya Italia, na dola hiyo ilikuwa na mnyongaji wake. Giovanni Battista Bugatti alifanya kazi hiyo Roma kuanzia 1796 hadi 1864, na idadi iliyoandikwa ni watu 516. Hukumu ya mwisho ya kifo katika dola ya Papa ilitekelezwa Julai 1870. Vatikani iliweka adhabu ya kifo kwenye sheria zake za 1929, kwa yeyote atakayejaribu kumuua Papa, na ikaiondoa 1969. Hakuna aliyewahi kuuawa kwa sheria hiyo, ila ilikuwepo.

Kwa hiyo mtu akikuambia Kanisa siku zote lilipinga kitanzi, mwambie pole. Ila akikuambia kwamba huruma hii ni mambo ya juzi ya wazungu wa Ulaya, hapo pia mkatalie, kwa sababu mojawapo ya sauti za zamani zaidi ilitoka bara letu. Augustino alikuwa askofu wa Hippo, katika Algeria ya leo. Karibu mwaka 411, kikundi chenye fujo cha madhehebu hasimu kilimuua padre wake mmoja aliyeitwa Restituto, na mwingine wakamkata kidole na kumng'oa jicho. Wauaji wakakamatwa, wakakiri. Augustino akamwandikia ofisa wa Roma, Marcellinus, akimsihi asiwaue wala asiwakate viungo kulipiza. Aliomba wafungiwe mahali wasipoweza kudhuru mtu na wapewe kazi yenye manufaa. Augustino huyohuyo aliandika kwingine kwamba serikali ina mamlaka ya kuua mhalifu. Lakini maiti ilipokuwa ya mtu wake mwenyewe, aliomba muuaji aachwe hai.

Badiliko lilikuja polepole. Katekisimu ya 1992 bado iliruhusu adhabu ya kifo katika makosa mazito kabisa. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo wa 2, katika waraka wa Evangelium Vitae, akaubana mlango: akasema kwamba kwa jinsi magereza yalivyo sasa, hali inayolazimu serikali kumuua mtu ni nadra sana, karibu haipo. Katekisimu ikarekebishwa 1997 kufuata maneno hayo. Ona lakini mantiki yake: bado ni mizani. Tunakuacha hai kwa sababu gereza linatosha kutulinda.

Agosti 2018 Papa Fransisko akabadilisha kifungu cha 2267 cha Katekisimu. Sasa kinasema adhabu ya kifo haikubaliki, kwa sababu hadhi ya mtu haipotei hata baada ya kutenda kosa zito mno, na kwamba Kanisa litafanya kazi ili adhabu hiyo iondolewe duniani kote. Alichosema Pius wa 12 mwaka 1952, kwamba mhalifu amejivua haki ya kuishi, hakisimami tena. Kwa maneno ya mtaani: hakuna mtu anayeweza kujifuta utu wake, na hakuna serikali inayoweza kumfutia.

Hapo ndipo Jenerali China na Kimathi wanapokuwa sawa. Mmoja alikuwa na faida, mwingine hakuwa nayo. Kwa mizani ya mkoloni ni watu wawili tofauti. Kwa kifungu cha 2018 hakuna mizani ya kuwapimia.

Kenya ilipopata uhuru ilikirithi kitanzi pamoja na viti vya ofisi. Sheria ya Kanuni za Adhabu inataja kifo kwa kuua, kwa uhaini na kwa wizi wa mabavu. Watu wa mwisho kunyongwa walikuwa Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu, Julai 1987, kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Tangu hapo kamba haijatumika. Lakini majaji hawakuacha kuhukumu. Watu walirundikana wakisubiri kufa, miaka 5, 10, 15, kila mlio wa funguo usiku ukiwashtua.

Agosti 2009 Rais Kibaki akabadilisha hukumu za watu zaidi ya 4,000 kwa mkupuo mmoja kuwa kifungo cha maisha, akisema kusubiri kifo muda mrefu namna ile ni mateso. Kibaki alikuwa Mkatoliki, mwana wa Nyeri, na ndiye aliyefunua sanamu ya Kimathi jijini Nairobi 2007. Oktoba 2016 Uhuru Kenyatta, mtoto wa yule mfungwa wa Lokitaung, akafanya vivyo hivyo kwa watu 2,747. Julai 2023 Ruto naye akabadilisha hukumu zote za kifo zilizotolewa kabla ya 21 Novemba 2022. Katikati ya hayo, Desemba 2017, Mahakama ya Juu ikaamua katika kesi ya Muruatetu kwamba jaji halazimiki tena kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyeua. Anaweza kumsikiliza mtu kwanza. Mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ni wa kesi za mauaji tu. Wizi wa mabavu ukabaki ulivyokuwa.

Umeiona hiyo tabia? Marais watatu, kalamu tatu, na sheria iko palepale. Kila baada ya miaka kadhaa ndoo inamwagwa, kisha inaanza kujaa tena. Katiba ya 2010, kifungu cha 28, inasema kila mtu ana hadhi ya kuzaliwa nayo. Haisemi kila mtu ambaye Rais atamkumbuka. Msamaha wa Rais ni jambo jema, lakini ni hisani, na aliyekupa hisani leo anaweza kukunyima kesho.

Kuna kesi moja ambayo nimeifikiria sana kuliko zote, na iko kaskazini kama sisi. Tarehe 14 Julai 2005 Askofu Luigi Locati, mkuu wa Kanisa Katoliki Isiolo, alipigwa risasi akafa. Mwaka 2012 Mahakama Kuu Nairobi ikawapata watu watano na hatia na kuwahukumu kifo. Mmoja wao alikuwa padre. Soma tena taratibu: askofu ameuawa, na serikali inataka kumnyonga padre kwa ajili yake. Hapo huwezi kujificha nyuma ya maneno ya jumla. Kama hadhi haipotei, haipotei hata kwa aliyemuua baba yako wa kiroho. Augustino alisimama mahali hapohapo miaka 1,600 iliyopita.

Lakini mimi siandiki kutoka Roma. Naandika kutoka Kalemng'orok, na huku neno hadhi lina njia ndefu ya kupita.

Barabara yetu ina historia ya risasi. Kwa miaka mingi magari kati ya Kainuk na Lokichar yamekuwa yakisubiriana ili yaende na msafara wa polisi. Septemba 2022, upande wa Turkana Mashariki, watu 11 waliuawa kwa siku moja: polisi 8, chifu na raia wawili waliokuwa wakifuata mifugo iliyoibwa. Februari 2023 polisi wanne waliuawa Kaakong, kwenye barabara hii ya Kitale kwenda Lodwar, na siku chache baadaye serikali ikatangaza kuleta jeshi. Hawa wanaovizia tunawaita ngoroko. Ukimtaja ngoroko kwenye kibanda cha chai hapa, husikii mjadala wa Katekisimu. Unasikia: wamalizwe.

Nilijaribu mwaka jana. Nilikuwa nimesoma kile kifungu cha 2267 kwa simu, nikakisimulia kwa mama mmoja anayeuza chai na mandazi, Mkatoliki wa Jumapili zote, ambaye ndugu yake alipigwa risasi akiwa juu ya lori. Alinisikiliza huku akikuna nazi ya mtu mwingine, maana yeye anasaidia kila jirani. Kisha akasema: "Kijana wangu, hadhi ya ngoroko inalindwa na Papa. Ya ndugu yangu ililindwa na nani?"

Sikuwa na jibu pale, na sidhani kuna jibu la mstari mmoja. Ila nimelitembeza swali lake kichwani na nimeona mambo mawili.

La kwanza: mafundisho haya hayamwambii askari aliye kwenye lori akunje mikono anapopigwa risasi. Kanisa halijawahi kukataa kujilinda na kulinda wengine, hata kwa nguvu. Kinachokataliwa ni kingine. Ni kumchukua mtu aliyekwisha kukamatwa, amefungwa pingu, hana bunduki, hawezi kumdhuru yeyote, na kumuua kwa utaratibu, kwa saa iliyopangwa, akiwa anaijua. Mtu wa namna hiyo hakushambulii. Ukimuua hujilindi, unalipiza. Na mama wa chai anadai ulinzi, ambao serikali haikumpa. Kitanzi cha Kamiti kilikuwepo kwenye sheria siku ndugu yake alipouawa. Hakikumsaidia kitu. Polisi wa kutosha na barabara salama vingemsaidia.

Tena, anayesema ngoroko auawe bila kesi ajue risasi hiyo haisimami kwenye mpaka wa kaunti. Wewe unayesoma ukiwa Nairobi unaijua vizuri. Mwaka 2022 miili ilikuwa ikiopolewa Mto Yala, na watu mitandaoni wakasema huenda walikuwa wezi tu. Juni 2024 makumi ya vijana waliuawa katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, na hakuna jaji aliyemhukumu hata mmoja wao. Nchi haijanyonga mtu tangu 1987, lakini haijaacha kuua. Ukishakubali kwamba kuna watu ambao si watu, kinachobaki ni kugombania orodha: nani aingie, nani atoke.

La pili linahusu lugha. Kwa Kiswahili tunasema mtu ni utu, na mtu akitenda unyama tunasema hana utu. Utu kwetu ni mwenendo, unaweza kuupoteza. Kiturkana nacho kina neno emoit, adui, mtu wa nje. Zamani kijana aliyemuua emoit hakuitwa muuaji. Alichanjwa alama begani na akaheshimiwa. Hata amani zetu zimekuwa na bei: mwaka 2001 makubaliano ya Modogashe, kule kaskazini, yaliweka fidia ya ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa, na 50 kwa mwanamke. Fidia imezuia damu nyingi na siidharau, kwa sababu inamlazimu muuaji kukiri na ukoo wake kulipa, na mtu wa pili hafi. Lakini hiyo nusu ya mwanamke inakuonyesha kinachotokea uhai ukishapewa bei.

Hata hivyo ni huku huku ambako nimeuona mfano ulio bora kuliko vitabu. Mwaka 1973, Lokiriama, magharibi mwa Lodwar karibu na mpaka wa Uganda, wazee wa Turkana na wa Matheniko kutoka Karamoja walizika silaha ardhini na kuapa kutouana tena. Walikuwa wamepoteza watu pande zote mbili. Wangeweza kudai wauaji watolewe wauawe, mmoja baada ya mwingine, na hesabu isingekwisha hadi leo. Waliamua kwamba emoit ni mtu wa kuzungumza naye. Makubaliano hayo bado yanaadhimishwa. Katekisimu ilichukua miaka mingine 45 kuandika jambo la namna hiyo kuhusu mfungwa.

Mapadre waliotuletea Injili hapa, Waayalandi wa shirika la Mtakatifu Patrick, walikuja 1961 wakati wa njaa, wakigawa chakula. Kwao Ayalandi mtu wa mwisho alinyongwa Aprili 1954, wiki chache tu baada ya Jenerali China kuponea Nyeri, na adhabu hiyo ikafutwa 1990. Nchi zinajifunza. Ukienda Kakuma utakutana na watu kutoka Rwanda, ambako watu 22 walipigwa risasi hadharani Aprili 1998 kwa mauaji ya kimbari. Mwaka 2007 Rwanda hiyohiyo, yenye sababu ya kulipiza kuliko nchi yoyote ninayoijua, ilifuta adhabu ya kifo. Burundi ikafuata 2009. Utakutana pia na Wakongo, ambao serikali yao ilitangaza Machi 2024 kurudisha utekelezaji uliokuwa umesimama tangu 2003. Barabara hii inapitika pande zote mbili.

Sisi tumesimama katikati. Hatunyongi, hatufuti. Mukami Kimathi alifariki Mei 2023 bila kuonyeshwa kaburi la mumewe, kwa sababu waliomnyonga walificha hata mifupa, na serikali za uhuru hazikumpata. Jenerali China, aliyeachwa hai kwa hesabu ya faida, alitoka kifungoni 1962, akawa mmoja wa viongozi wa NYS ilipoanza, akawafunza kazi vijana wa rika letu. Hakuna aliyeliona hilo Februari 1954, wala jaji, wala yeye mwenyewe. Wabunge wanaweza kukifuta kitanzi wiki yoyote wakitaka. Mpaka hapo, jaji wa Lodwar akifungua Kanuni za Adhabu, kifungu cha 204 bado kinamwambia anaweza.